Mti Tusioujua Jina

Usharika wetu uko wilayani Muheza, mkoani Tanga, mahali ambapo zamani palikuwa shamba la mkonge. Wazee waliotutangulia walikuwa vibarua wa shamba hilo, na ndio waliojenga kanisa la kwanza, la miti na udongo, kabla ya hili la matofali tunalosalia leo. Nyuma ya kanisa, ukivuka uzio wa minyaa, kuna nyumba ya mama mmoja mjane. Tutamwita Bibi, kama tunavyomwita siku zote. Jina lake ameomba libaki kwake.

Kati ya nyumba ya Bibi na ukuta wa kanisa palikuwa na mti mkubwa, mrefu kupita msalaba ulio juu ya paa letu. Shina lake lilijaa miiba mifupi, minene na myeusi, iliyochongoka kama ncha za penseli. Hakuna aliyekumbuka nani aliupanda. Wengine waliuita mti wa miiba, wengine mti wa Mzungu, wakidhani uliletwa na mabwana wa mkonge. Jina lake hasa hatukulijua, na kwa miaka mingi hatukuona haja ya kulijua.

Sisi tunaoandika ni watu watano: wazee wa kanisa wawili, mwinjilisti, mama mmoja wa Idara ya Wanawake, na kiongozi wa vijana. Tuliteuliwa kuwa kamati ya kuamua habari za mti huo. Tumekubaliana kuandika kwa neno “sisi” kwa sababu katika mambo yaliyotokea hakuna hata mmoja wetu anayeweza kunyoosha kidole na kusema “wao.”

Ilikuwa Februari, wakati wa jua kali. Siku ya Jumamosi watoto wawili wa Shule ya Jumapili, mmoja wa darasa la pili na mwingine wa darasa la nne, walirudi nyumbani wakilalamika kwamba koo linawaka moto. Jioni walianza kutapika na kuharisha bila kukoma. Walipofikishwa zahanati walikuwa wamelegea, na yule mdogo hakuweza hata kuinua kichwa. Muuguzi aliwawekea dripu, akawauliza: “Mmekula nini, na mmekula wapi?” Mkubwa akajibu: “Tumekula kwa Bibi.”

Maneno hayo matatu yalitosha. Mtoto alitaka kusema kwamba walikuwa uani kwa Bibi walipokula walichokula. Sisi tulisikia kwamba Bibi aliwalisha. Usiku huohuo habari ilizunguka kijiji kizima, na ilipofika mwisho wa njia ilikuwa imekwisha kuwa habari nyingine: Bibi amewapa watoto sumu.

Kwa neema ya Mungu watoto walipona. Siku ya tatu walikuwa wakicheza. Lakini maneno hayakupona pamoja nao. Watu walianza kukumbuka mambo. Mmoja alikumbuka kwamba mchana wa jua kali husikika milio kama ya bunduki kutoka kwa Bibi, na vitu hugonga bati lake bila kuonekana mtu anayerusha. Mwingine alikumbuka kwamba jicho la kushoto la Bibi ni jekundu daima, na sote tunajua katika nchi hii macho mekundu ya mama mzee husemwa nini. Wa tatu akauliza kwa nini mti wenye miiba hivyo umeota mlangoni kwake na si kwa mwingine. Tangu hapo hakuna aliyeuita tena mti wa Mzungu. Uliitwa mti wa Bibi.

Bibi alikuwa akiuza vitumbua kila asubuhi kwenye njia ya kwenda shule. Tuliacha kuvinunua. Hakuna aliyetangaza kwamba visinunuliwe. Kila mmoja alipita tu, akiwa na haraka. Kanisani alikaa kwenye benchi lake la siku zote, la pili kutoka nyuma upande wa akina mama, na watu wakajaza mabenchi mengine mpaka la kwake likabaki na mtu mmoja. Katika jumuiya moja, mmoja wetu watano alifungua Mathayo sura ya 7, pale Bwana anapofundisha kwamba tunda ndilo linaloufichua mti, akasema: “Wapendwa, tunda tumeliona.” Hakutaja jina la mtu. Hakuhitaji kulitaja. Nasi tuliokuwepo tukatikisa vichwa kwa masikitiko, kama watu wema.

Wapo watakaosema kwamba ni maneno tu. Lakini mama zetu wengi wazee katika nchi hii wamepoteza maisha kwa minong'ono iliyoanza hivyohivyo, kwa jicho jekundu na mtoto aliyeugua. Sisi tulilijua hilo. Tuliwahi kulisikia likihubiriwa kwenye madhabahu yetu wenyewe.

Mwezi Machi baraza la wazee lilikaa. Vijana walikuwa tayari na mapanga na mashoka. Hoja ilikuwa mti ukatwe Jumamosi inayofuata, na wengine waliongeza kwa sauti ya chini kwamba mti ukiondoka, na mwenye mti ataondoka. Mchungaji alisikiliza mpaka wote wakamaliza. Kisha akauliza: “Mti huu unaitwaje?”

Tulitazamana. Mmoja akasema unaitwa mti wa miiba. Mchungaji akasema hilo si jina, hiyo ni sura. Akatukumbusha kwamba kazi ya kwanza aliyopewa Adamu katika Mwanzo sura ya 2, baada ya kuitunza bustani, ilikuwa kuwatazama viumbe mmoja mmoja na kuwapa majina. “Ninawapa wiki tatu,” alisema. “Nileteeni jina. Tukishalijua, tutaamua kama tunaukata.” Wengi tuliona anachelewesha jambo. Hivyo ndivyo kamati yetu ilivyoundwa.

Kiongozi wa vijana alikuwa na simu nzuri ya kupiga picha. Jumapili baada ya ibada tulisimama kwenye ngazi za kanisa, hatua kama arobaini kutoka kwenye mti, tukapiga picha tatu za mti mzima. Kisha tukasogea mpaka kwenye uzio, tukapiga moja ya shina. Hatukuvuka uzio. Kama mtu angetuuliza kwa nini, tungesema tunaogopa miiba.

Picha hizo tuliziweka kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na majibu yakaja kama mvua za masika. Walioona miiba walisema ni msufi, kwa kuwa msufi mchanga nao una miiba shinani. Wengine walisema ni mjafari, ambao shina lake lina vinundu vyenye miiba. Kijana mmoja alizitia picha kwenye programu ya simu inayotambua mimea: picha ya shina ikapewa jina la msufi, na picha ya mti mzima ikapewa majina matatu tofauti, moja la mti usiofanana hata kidogo na huu. Kila mtu alikuwa na uhakika, na hakuna wawili waliokubaliana.

Binti wa mmoja wetu anaishi Dar es Salaam. Aliahidi kumfikishia picha hizo mzee mmoja mstaafu, bwana miti wa zamani, aliyefanya kazi kwenye vitalu na misitu ya Usambara kwa miaka mingi. Siku mbili baadaye tulipokea ujumbe wake wa sauti. Tulikaa watano kwenye ofisi ya usharika tukausikiliza.

“Wanangu,” alisema, “mmenitumia picha ya kivuli. Kwa mbali kila mti ni kijani. Mkitaka niwaambie jina, nendeni chini yake. Nataka jani moja likiwa limelazwa juu ya karatasi, mbele na nyuma, na rula pembeni nijue ukubwa wake. Nataka tawi dogo, nione majani yamekaaje, mawili mawili au moja moja. Nataka pale kikonyo kinapokutana na jani, piga karibu sana. Nataka utomvu, kama upo na ni wa rangi gani, lakini msiuguse kwa mkono. Na zaidi ya yote nataka ua na tunda. Kama hamna ua wala tunda, mtafuteni anayeishi karibu na mti huo mumuulize. Yeye ndiye anayejua.”

Aliendelea kutueleza sababu. Jani hubadilika: la tawi la juu linalopigwa na jua huweza kuwa dogo na gumu, la tawi la kivulini likawa pana na laini, na yote ni ya mti mmoja. Gome hubadilika kwa umri. Miiba huota kwenye miti isiyo na undugu wowote. Lakini ua na tunda havibadiliki hovyo, na ndiyo maana wataalamu wa mimea wanategemea hivyo kuliko sura ya nje. Akamtaja Carl Linnaeus, Mswidi wa karne ya 18 aliyeweka utaratibu wa kuipa mimea majina mawili ya Kilatini, na akatuambia kwamba baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwinjilisti wetu alifurahi sana kusikia hilo. Sisi wengine tulikuwa kimya. Tulikuwa tumeshafahamu kwamba itabidi twende kwa Bibi.

Tulikwenda siku ya Jumanne saa kumi jioni. Tangu watoto waugue ilikuwa imepita wiki ya tano, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepiga hodi kwenye mlango ule. Bibi alikuwa akichambua mchele. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatutolea mkeka, akarudi kwenye ungo wake. Tulimweleza kwamba tunatafuta jina la mti. Hatukumweleza mengine, naye hakutuuliza. Sote sita tulijua tunakwepa nini.

“Jina silijui,” alisema. “Lakini mti wenyewe naujua. Nimeufagia miaka thelathini na moja.”

Akaanza kutueleza, naye kiongozi wa vijana akaandika. Alisema mti hutoa maua ya namna mbili. Moja ni jekundu sana, karibu jeusi, lenye umbo la gunzi dogo la muhindi, halina petali. Hayo huanguka mengi, na hukuta ua umejaa asubuhi. La pili huwa peke yake, lina kichwa kama mwavuli mdogo uliopasuliwa pembeni kama nyota. Tunda ni la mviringo uliobonyea, mfano wa boga dogo, lenye mifuo kama chenza lililomenywa. Likiwa bichi ni la kijani, likikomaa ni la kahawia na gumu kama ubao. Siku za jua kali, saa sita na saa saba mchana, tunda hupasuka lenyewe kwa mlio mkubwa, na vipande na mbegu hurushwa mbali, vingine kwenye bati lake, vingine mpaka kwenye madirisha ya kanisa.

“Mwaka juzi,” alisema, “kioo cha dirisha lenu kilichovunjika mlisema ni watoto wenye manati. Ulikuwa ni mti.”

Kisha alisema jambo ambalo mwandishi wetu aliacha kuandika ili alisikie vizuri. Alisema utomvu wa mti huo ni mweupe, na ni mkali. Tawi moja lilikuwa limelala juu ya bati lake likilitoboa. Alikuja ofisini kuomba usharika ulikate, kwa kuwa mti uko kwenye kiwanja cha kanisa. Alisubiri. Mwishowe akapanda kwenye ngazi na panga, akalikata mwenyewe, na tone likamrukia jicho la kushoto. Kwa wiki nzima hakuona kwa jicho hilo. Uoni ulirudi, lakini wekundu haukuondoka.

Mmoja wetu aliuliza ilikuwa lini. Alitaja mwaka. Hatukumjibu kitu.

Bibi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na mbegu bapa, za mviringo, za rangi ya kahawia hafifu, kila moja kubwa kama sarafu. “Hizi naziokota kila siku,” alisema, “nazifukia shimoni. Watoto wakiziona wanadhani ni korosho au karanga. Siku ile nilikuwa kilioni Korogwe. Nililala huko.”

Basi siku ile hata nyumbani hakuwepo.

Tulipiga picha jioni hiyo mpaka mwanga ukaisha. Tulilaza jani juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula ya mwanafunzi: lilikuwa na umbo la moyo, lenye kikonyo kirefu, na mishipa iliyonyooka kando kwa kando kama mbavu za samaki. Bibi alituonyesha vijinundu viwili vidogo kama vichwa vya pini pale kikonyo kinapokutana na jani, kitu ambacho tusingekiona wenyewe. Tulipiga ua jekundu lililoanguka. Tulipiga tunda zima na tunda lililopasuka, tukahesabu vipande vyake: vilikuwa 15. Tulichoma gome kwa ncha ya kisu kilichofungwa kwenye fimbo, utomvu mweupe ukatiririka, tukaupiga picha tukiwa tumesimama mbali.

Jibu la yule mzee lilikuja usiku huohuo, na safari hii lilikuwa fupi. Si msufi, kwa sababu jani la msufi limegawanyika kama vidole vya mkono. Si mjafari, kwa sababu jani la mjafari ni vijani vidogo vingi kwenye kikonyo kimoja, na ukilifikicha hunukia kama limau. Jani la umbo la moyo lingeweza kuwa la mtakawa wa pwani, lakini mtakawa hauna miiba na ua lake ni la njano. Miiba, jani la moyo, vijinundu viwili, ua jekundu la gunzi, tunda la boga linalopasuka, na utomvu mweupe, vyote pamoja, ni vya mti mmoja tu. Unaitwa Hura crepitans. Jina hilo aliuandikia Linnaeus mwenyewe mwaka 1753, na neno la pili kwa Kilatini lina maana ya kutoa mlio, kwa ajili ya tunda lile.

Mengine alitueleza kwa simu siku iliyofuata. Asili ya mti huo ni nchi za joto za Amerika, upande uleule wa dunia ulikotoka muhogo, na ulikotoka mkonge ulioletwa katika nchi yetu mwaka 1893. Umepandwa katika nchi nyingi za joto kwa ajili ya kivuli chake. Zamani watu wa Ulaya walitoboa matunda yake mabichi wakayaweka mezani kama vikopo vya mchanga, wa kunyunyizia barua ili wino ukauke. Wenyeji wa huko Amerika walitumia utomvu wake kupaka mishale na kulevya samaki, kama wazee wetu walivyotumia utupa. Ni ndugu wa muhogo, wa mbono na wa minyaa ile ya uzio wetu. Mbegu zake hurushwa zaidi ya mita 40. Mtu akizila, mwanzoni huziona tamu, kisha koo huwaka, halafu hutapika na kuharisha sana. Akauliza kama kuna watoto karibu. Hatukujua pa kuanzia kumjibu.

Kabla ya kuagana alituonya: “Msimpe kijana panga akaukate. Utomvu ukiruka machoni utampofusha.” Tulihesabu vijana waliokuwa wamejitolea kuukata Jumamosi ile. Walikuwa 12.

Baada ya hapo tulifanya mambo mawili ambayo tungepaswa kuyafanya tangu siku ya kwanza. La kwanza, tuliwaita wale watoto wawili pamoja na wazazi wao, tukaweka mbegu juu ya meza. Tukauliza: “Mlikula hizi?” Wakaitika ndiyo. “Nani aliwapa?” Mkubwa alitutazama kama mtu anayeulizwa swali la ajabu. “Hakuna. Tuliokota chini. Bibi hakuwepo.” Mama yake akamuuliza mbona hakusema. Mtoto akajibu: “Hamkuniuliza.”

La pili, tulifungua daftari la mihutasari ya vikao. Tulilikuta ombi la Bibi, katika mwaka uleule alioutaja, kwa mwandiko wa mmoja wetu. Liliandikwa kwamba mama fulani ameomba tawi linaloegemea nyumba yake likatwe. Chini yake yaliandikwa maneno mawili: “Litaangaliwa baadaye.” Halikuangaliwa. Jicho tulilolitumia kuwa ushahidi dhidi yake lilikuwa limeumizwa na uzembe wetu sisi.

Wanafunzi wetu wa kipaimara hukariri amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo, pamoja na maelezo ya Martin Luther katika Katekisimu Ndogo. Humo tunafundishwa kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani. Tunapaswa kumtetea na kuyachukua mambo yake kwa namna iliyo njema. Sisi watano tuliikariri tukiwa vijana, na wawili kati yetu huifundisha. Wala hatukusema uongo mkubwa hata mmoja. Tulisikia maneno matatu ya mtoto mgonjwa tukayamalizia wenyewe. Tulimpiga jirani yetu picha kutoka kwenye ngazi za kanisa, hatua arobaini, tukampa jina.

Kuhusu lile fundisho la mti na tunda lake, tumelitafakari sana tangu siku zile. Tulilitumia kama rungu. Hatukufikiri kwamba ili kulijua tunda ni lazima uinuke uende chini ya mti, uinamie, ulihesabu vipande vyake, na umwulize anayelifagia kila asubuhi. Tunda la Bibi lilikuwa kopo la mbegu alizookota kwa miaka mingi ili watoto wetu wasizile. Siku moja tu alipokuwa kwenye msiba, hakukuwa na mwingine wa kuziokota.

Tulirudi kwake tukiwa na mchungaji. Safari hii tulisema yote, kila mmoja kwa kinywa chake, na yule aliyefungua Mathayo kwenye jumuiya alishindwa kumaliza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema: “Jina la mti mmelitafuta mpaka Dar es Salaam. Mimi mlango wangu upo hapa.” Alinyamaza kidogo, akaongeza: “Nimewasamehe kwa sababu ya Bwana. Lakini msiniambie nisahau.”

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika tukaeleza kila kitu: jina la mti, mbegu, milio, jicho, na daftari. Tuliona ni haki, kwa kuwa tulimsingizia hadharani, tuungame hadharani.

Mti uliondolewa mwezi Juni. Tulimshirikisha bwana misitu, wakaja mafundi wenye misumeno, miwani na glavu, na watoto wakaondolewa eneo lote siku hiyo. Mahali pale tumepanda mzambarau, kwa kuwa Bibi alisema kivuli atakikosa. Shule ya Jumapili imejifunza kutambua mbegu za mbono kaburi na nyingine zenye sumu zilizopo kijijini. Kopo la Bibi lenyewe ndilo lililotumika kufundishia, baada ya kufungwa vizuri kwa gundi.

Tusingependa msomaji adhani kwamba mambo yote yamekwisha. Familia moja iliyosema sana haijarudi kumwomba radhi. Vitumbua vinanunuliwa tena, lakini wapo wanaotuma watoto ili wasikutane naye macho kwa macho. Kwenye Sikukuu ya Mavuno mwaka huo Bibi alileta sadaka yake kama kawaida, ndizi mkungu mzima. Tulipoandaa chakula cha pamoja uwanjani alituaga kwa upole akaenda kula kwake. Hatukumlazimisha. Tulimwona akivuka uzio, na sisi tukabaki na sahani zetu.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu katika jumuiya zetu. Jina la mtu likitajwa kwa ubaya, anayeongoza huuliza: nani kati yetu amekwenda kwake? Kama hakuna, mazungumzo hukoma hapo, na wawili huteuliwa kwenda. Utaratibu huu haupendwi na wote, na mara nyingine sisi wenyewe tunausahau. Benchi la pili kutoka nyuma sasa huwa na watu watatu au wanne. Tunaomba mtuombee ili siku moja Bibi akubali kula pamoja nasi.